Ardhi Haijatulia Bado

Kiwanda cha uchapaji,
4 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo. Ya kwanza ni yangu, na ya pili ni ya Kifaranga, ambaye amesimama hapa mezani kuhakikisha nimeiandika. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka kwa pamoja, kwa hiyo siku hizi anasema "fikamoo". Shuleni anaendelea vizuri, ila mwalimu wake analalamika kwamba anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzima. Nikamwambia mwalimu asihangaike, mtoto kamrithi bibi yake wa jangwani.

Mimi mzima. Kazi ni ileile, kusahihisha makosa ya watu wengine kabla hayajachapwa. Wiki hii tuna kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mwandishi wake anawapenda nyuki kuliko nukta. Sentensi moja imemaliza ukurasa na bado inatafuta pa kutua.

Sasa nije kwenye lililoninyima raha. Redio imesema ardhi ya huko kwenu inatikisika kila siku, tena mara nyingi kwa siku. Nimepiga simu, inaita kidogo na kukatika. Na hata ikikubali, nakujua. Utasema "tuko salama" halafu utanisimulia habari za kuku. Kwa hiyo naandika, maana kwenye karatasi huwezi kunikata kauli. Niambie ukweli wote. Nyumba ikoje? Na chumba changu cha juu, kile ambacho mumeo, marehemu Fundi, alinijengea nilipokuja kwenu baada ya kumzika baba, dirisha lake bado linaingiza ule upepo wa alfajiri? Nimekiota juzi. Nilikuwa nimelala kule, na hakuna aliyekuwa akinihitaji kwa lolote.

Barua nampa Honi, lori lake la chumvi linageuza kesho kurudi huko. Amesema ataifikisha hata kama atalazimika kuiimba.

Mwanao,
Kalamu


Nyumba ya wageni,
26 Februari

Kalamu mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa Kifaranga. Mwambie mimi nimepoteza meno mengi kuliko yeye na bado nasema kila kitu ninachotaka. Msalimie sana mkwe wetu. Mwambie jikoni kwangu bado wanamkumbuka kwa jinsi alivyokula siku zile mbili mlizokuja.

Kuku wazima. Nimeanza nao makusudi.

Ukweli wote, umesema. Haya. Ilianza kama lori zito linapita barabarani, ila ukitoka nje huoni lori. Vikombe vinagongana kabatini, maji kwenye ndoo yanafanya miduara, kisha kimya. Unasema imekwisha, unachukua ufagio, inakuja nyingine. Siku ya kwanza wageni walitoka mbio na taulo. Siku hizi dereva anashika kikombe chake, anangoja ipite, anaendelea na hadithi yake pale alipoishia. Tumezoea. Juzi Honi alimwagikiwa na chai mapajani, akaniangalia, akasema, "Shangazi, nyumba yako ina homa."

Nimepata mpangaji wa muda mrefu. Ni mtaalamu wa ardhi, mwanamke wa umri wako, mwembamba kama ufito. Kazi yake ni kuchimbia mashine huko jangwani, mashine zinazosikiliza ardhi, na kila mashine inakula betri kubwa kama ya lori. Kutwa kucha unamwona amekumbatia betri. Watu hapa wameshambatiza Mama Betri, na yeye anaitika. Siku moja mezani nilimuuliza mbona haliji tetemeko moja kubwa tukajua tumemaliza. Akasema chini yetu kuna mawe yaliyoyeyuka yanatafuta njia ya kupita, na yakisukuma, tabaka gumu la juu linapasuka kidogo kidogo. Ndiyo maana yanakuja kwa makundi, ya rika moja, kama watoto wanaotoka darasani. Huwezi kusema nani kiongozi. Nikamuuliza, mwishowe? Akasema mara nyingi yanachoka yenyewe. Nikamuuliza, na ile mara isiyokuwa nyingi? Akaomba chumvi.

Ana ombi kwako. Ameandika tangazo la kubandika ukutani ili watu wajue la kufanya. Nimelisoma mara tatu, na baada ya mara ya tatu nilijua kidogo kuliko mwanzo. Ninaliambatanisha hapa. Linyooshe.

Shangazi yako


Kiwanda cha uchapaji,
19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kifaranga anauliza kama kuku wanajua kwamba ardhi inatikisika au wanadhani ni wao wanaocheza. Muulize Mama Betri, ni swali la kitaalamu.

Nimelinyoosha tangazo. Yeye alikuwa ameandika: "Wakazi wanashauriwa kujiepusha na miundo yenye uwezekano wa kuporomoka." Nimeweka: "Usikae wala kulala chini ya kitu kizito. Angalia juu yako. Kama kinaweza kukuua kikianguka, kishushe leo." Mwambie sijamkosea heshima, nimeondoa maneno, maana yake nimeiacha kama alivyoikusudia. Mkuu wa kiwanda aliposoma alisema tulichape kwenye mabaki ya karatasi za nyuki, bila malipo. Honi amebeba bunda zima.

Nimefurahi kuifanya kazi hii. Ni mara ya kwanza nasahihisha kitu nikiwa na hofu kwa ajili ya atakayekisoma.

Shangazi, nilikuuliza kuhusu chumba changu, ukanijibu kuhusu vikombe. Shule zitafungwa Aprili. Nilikuwa nafikiri mimi na Kifaranga tuje tukae huko likizo yote, na labda zaidi kidogo. Hatutakusumbua. Mimi najua kuosha vyombo vya madereva, na Kifaranga atawahesabia vijiko mpaka waombe kuondoka. Najua utasema kuna matetemeko. Lakini umesema mwenyewe mmezoea.

Nijibu mapema, tafadhali.

Mwanao,
Kalamu


Nyumba ya wageni,
14 Aprili

Kalamu mwanangu,

Marahaba kwenu. Mama Betri amesema kuku wanajua kabla yetu sisi, ila hawana wa kumwambia. Kifaranga aliandike hilo.

Tangazo lako limebandikwa kila mlango: dukani, zahanati, kwenye tangi la maji, hata kwenye mlango wa choo changu, ambako ndiko watu husoma kwa utulivu. Watu wanalisoma kwa sauti. Juzi nilimsikia mwenye duka akimfokea mkewe, "Angalia juu yako," naye akajibu, "Juu yangu kuna wewe tu na kelele zako." Mama Betri amekunja moja akaliweka kwenye mkoba. Anasema amesoma miaka mingi bila kufundishwa kusema "kishushe leo".

Jirani yangu Pancha, yule fundi wa matairi, anajenga ukuta mpya wa karakana yake ili mchanga usimwingilie kwenye kazi. Amepata mawe mazuri. Mikono yake imejaa malengelenge na anaringa nayo.

Kuhusu likizo, msije kipindi hiki. Vyumba vimejaa wapimaji na wasaidizi wao. Boza la maji linakuja likitaka, na joto ndilo hilo unalijua. Acheni mpaka mambo yatulie.

Sasa na mimi nina langu, nalo nalisema kwa upendo. Hapa kila mwenye ndugu mjini ameandikiwa au kupigiwa: ondoka huko, njoo ukae kwetu. Mwenye duka ameitwa na binamu ambaye hata hawapendani. Mimi nimekulea tangu ukiwa na kimo cha Kifaranga, na katika barua zako zote mbili hukuniita. Nisingekuja, unanijua, siwezi kuacha nyumba. Lakini ningependa kuitwa ili nikatae.

Na mkwe wetu nilimsalimia, hukuniambia kama salamu zilifika. Namsalimia tena.

Shangazi yako


Kiwanda cha uchapaji,
2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kifaranga mzima. Jino moja limeanza kuchungulia.

Salamu hazikufika kwa sababu hakuna pa kuzifikisha. Mimi na mume wangu tuliachana Novemba. Hakunipiga wala kunitukana, kwa hiyo sina hata kisa cha kumsimulia mtu. Alianza kurudi nyumbani kama mpangaji: anakula, anashukuru, anaingia kulala. Siku moja akasema amechoka, nami nikatafuta neno la kumjibu nikalikosa. Mimi, ambaye kutwa nawatafutia watu maneno. Nyumba ilikuwa ya kaka yake, ikabidi sisi ndio tuondoke.

Tunaishi hapa kiwandani, mimi na mtoto. Nyuma ya mitambo kuna chumba kilichokuwa stoo ya karatasi. Mkuu alinipa bila kuniuliza maswali. Kitanda kimoja, jiko la mezani, dirisha linaloangalia ukuta. Umeuliza kwa nini sikukuita. Ningekuita wapi? Ungekuja, ungesimama mlangoni na mzigo wako, ungeangalia kushoto na kulia, usingesema kitu, na mimi ningekufa kwa aibu.

Sikukuomba likizo, Shangazi. Nilikuwa narudi nyumbani. Miezi yote hii nimejiambia kwamba hata kama kila kitu kimevunjika, kuna chumba kimoja duniani kilichojengwa kwa ajili yangu, na kipo. Wewe ukaniambia kimejaa wapimaji.

Sina hasira. Au ninayo, sijui. Nimeandika kwa haraka, na kwa mara ya kwanza maishani sitasoma tena kutafuta makosa.

Kalamu


Kiwanda cha uchapaji,
12 Mei

Shangazi yangu,

Redio imesema limepita kubwa. Wanasema barabara imekatika na nguzo za simu zimelala. Wanataja idadi ya nyumba na hawataji za nani. Nimekwenda kwenye maegesho ya malori ya chumvi kila asubuhi. Hakuna lililofika kutoka kwenu.

Barua yangu ya mwisho ikikufikia, ichane. Kama imeshakufikia, sahau nusu yake ya pili. Sitaki chumba. Weka hata mbuzi mle ndani. Nataka tu karatasi yenye mwandiko wako, hata kama imeandikwa "kuku wazima".

Kifaranga hajui. Anaona naosha sufuria lilelile.

Mwanao


Uwanjani kwangu, chini ya turubai,
19 Mei

Kalamu mwanangu,

Mimi mzima. Nasema hilo kwanza. Sina hata mkwaruzo, isipokuwa kucha za mikono.

Lilikuja asubuhi, saa ya chai. Madereva walikuwa wamejaa ukumbi wa kulia, mimi nikiwa na birika mkononi. Yale madogo yalikuwa yamenyamaza tangu jana yake, na watu walikuwa wanafurahia. Mama Betri peke yake hakufurahia. Kisha ukaja mngurumo kutoka upande wa machimbo ya chumvi, na haukupita kama kawaida. Ulikaa. Honi aliweka kikombe chini taratibu akasema, "Shangazi, hii si ya kila siku." Hapo sakafu ikatupiga miguuni. Tulitoka kwa kusukumana mpaka katikati ya uwanja, tukakaa chini kwa sababu kusimama hakukuwezekana. Kuta za vyumba zilikuwa zinapumua, naapa, zinatoka na kurudi. Bati la ukumbi lilichomoka likaangukia meza ile ambayo walikuwa wameizunguka. Bati moja, mwanangu. Meza imepata ufa. Basi.

Ng'ambo ya barabara ilikuwa habari nyingine. Duka limekaa chini. Zahanati imebaki mlango. Ukuta mpya wa Pancha ulimwangukia akiwa amechuchumaa na tairi. Tulifukua kwa mikono, sote. Alikuwa anaongea muda wote, anatuelekeza jiwe lipi tuanze nalo. Barabara ina ufa ambao mbuzi anauruka na lori haliruki, kwa hiyo Honi na wenzake walimbeba Pancha kwenye mlango wa zahanati mpaka ng'ambo, wakampandisha gari jingine. Amepelekwa kwenye hospitali kubwa ya huko mjini kwenu. Mguu mmoja haukuokolewa, ndivyo tulivyosikia. Hakuna aliyekufa. Mama Betri anasema hiyo ndiyo habari, na kwamba tangazo lako liwekwe kwenye kioo. Nilimwambia vioo vyote vimevunjika.

Barua yako ya tarehe mbili niliipata siku iliyofuata. Dereva aliiweka mdomoni akaruka nayo ule ufa. Niliisoma nimekaa juu ya ndoo. Ile ya pili imefika leo.

Kalamu, chumba chako hakipo. Na tetemeko halikukigusa. Nilikibomoa mwenyewe mwishoni mwa Machi.

Ulituma tangazo, nikalibandika pale ukumbini, nikarudi nyuma kuona kama limenyooka. Nikalisoma. Angalia juu yako. Nikaangalia. Juu ya meza, juu ya madereva wote wale, kilikuwa kimekaa chumba chako: kuta za mawe, sakafu ya zege, vyote alivyovipandisha Fundi mwenyewe kwa sababu ulisema unataka kuona mbali. Nilimwita Mama Betri. Aliangalia, akakumbatia betri yake. Nikamwambia, "Sema, usiombe chumvi." Akasema, "Mama, mimi hula haraka kwa sababu ya dari hii."

Niliita vijana, nikapanda nao. Jiwe la kwanza nililitoa mimi, nililiomba radhi. Ile kazi ya Fundi ilikuwa nzuri mno, ilikataa kubomoka. Tulihangaika mpaka nikaanza kumgombeza marehemu, ndipo tukaezeka bati mahali pake. Nilikaa siku nyingi bila kupandisha macho upande ule. Ndipo nikakaa kuijibu barua yako ya kuomba likizo. Ningekuambia nini? Nikasema vyumba vimejaa. Nilidhani nakulindia kumbukumbu. Sikujua kwamba ulikuwa unahitaji kitanda.

Kuhusu yule bwana, sitasema kitu sasa. Nitasema siku nikikuona, na nitasema kwa kirefu.

Shangazi yako


Kiwanda cha uchapaji,
31 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena, na nyingine ya akiba. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini palepale kwenye maegesho, kwenye mafuta. Sketi imeharibika.

Nilikasirika siku moja nzima. Nilimkasirikia Mama Betri, nikamkasirikia Fundi kwa kujenga juu, nikaikasirikia sentensi yangu mwenyewe. Kisha jioni nilikuwa nampigia Kifaranga mswaki, nikawaza lile bati moja juu ya meza. Nikawaza badala yake kingekuwa chumba changu, na wewe umesimama chini yake na birika. Hasira ikaisha kama maji yanavyoisha kwenye sinki, na sauti yake mbaya ileile.

Jumamosi nilikwenda hospitali kumtafuta Pancha. Ulisema ni jirani yako, nikaona haifai alale huko bila mtu. Yuko wadi ya ghorofa ya chini, karibu na dirisha, na tayari wauguzi wote wanamjua. Nilipojitambulisha aliniangalia sana. Akasema, "Kumbe wewe ndiye mwenye chumba."

Aliniambia, Shangazi. Aliniambia ule ukuta aliujenga kwa mawe ya chumba changu, na kwamba ni wewe uliyempa. Nikaelewa kwa nini barua yako yote haikusema mawe yale yalikwenda wapi.

Nikamuuliza kama kuna neno nikufikishie. Alifikiri. Akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema: "Mwambie mawe hayakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeyapanga kwa haraka, saruji nikaibania, na tangazo lilikuwa limebandikwa palepale mlangoni kwangu. Mwambie asipoacha kulia, nikirudi sitamzibia matairi." Nikamwambia kwamba wewe, Shangazi, huna gari. Akasema, "Ndiyo maana nimechagua adhabu hiyo."

Sasa sikiliza. Naandika pole pole, na hii nimeisoma mara mbili.

Njoo ukae kwetu.

Chumba ni kimoja. Kitanda ni kimoja. Dirisha linaangalia ukuta, na ukuta wenyewe haujapakwa rangi. Mchana mtambo mkubwa ukiwashwa, sakafu yetu inatetemeka na vijiko vinalia kwenye kikombe, kwa hiyo usije ukakimbilia nje na taulo. Choo tunachangia na wapiga chapa, ambao ni watu wema lakini wana mikono myeusi. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayaonea haya, na nimeyamaliza.

Ulisema ungependa kuitwa ili ukatae. Nimekuita. Ukikataa, kataa kwa sababu nzuri.

Mwanao,
Kalamu


Uwanjani kwangu,
11 Juni

Kalamu mwanangu,

Marahaba zote nimezipokea, na ya akiba nimeitunza.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta sababu nzuri ya kukataa. Nilianza na kuku. Mama Betri akasema atawalisha. Nikasema madereva watakula wapi. Honi akasema walikula kabla hawajanijua, ingawa vibaya. Nikasema ukumbi hauna bati. Wakanionyesha: walikuwa wamelirudisha juu asubuhi ile mimi nikiwa kwenye tangi la maji, wamelifunga kwa waya, limepinda kama kofia ya mlevi. Nikaishiwa.

Kwa hiyo nitasema lile ambalo sijamwambia mtu. Nilikuandikia kwamba tumezoea. Hatujazoea. Mimi sijazoea. Kila inaponguruma nakaa kitako kabla sijajua kama nimeamka, na jina linalonitoka mdomoni ni lako, si la Fundi, si la kaka yangu. Mama Betri anasema inaweza kuchoka wiki ijayo au ikaendelea mwaka mzima, na kwamba hajui. Nilimpenda kwa kusema hajui. Lakini usingizi haukurudi kwa sababu hiyo.

Na Pancha. Nilimpa yale mawe kwa sababu sikutaka kuyaona yamelundikana pale nje kama kaburi. Alifurahi sana, alinishika mikono yote miwili. Ndicho ninachokiona nikifumba macho, ile furaha. Maneno yake uliyoniandikia nimeyasoma mpaka karatasi imelainika. Sijui kama anasema kweli au ananihurumia. Nitakaa karibu na kitanda chake na kumuuliza, na nikimwona usoni nitajua. Nilikuwa siwezi kwenda. Ulipokwenda wewe kwanza, nikaona njia inapitika.

Nitarudi huku, ujue hivyo. Sina mpango wa kuzeekea nyuma ya kiwanda. Nitajenga tena, chini, kwa mbao na bati, na wewe utaamua ukitaka chumba au hutaki, na kwa muda gani, na sitakuuliza mara mbili. Lakini kwanza nakuja. Honi amepata gari ng'ambo ya ufa, mzigo wangu nitaubeba mwenyewe. Nina mkeka. Mwambie Kifaranga alale na mama yake kitandani kama kawaida, mimi nitajinyoosha chini, nimelala chini uwanjani tangu nisome tangazo lako Machi, na mgongo umenyooka kuliko wako.

Nikisimama mlangoni nitaangalia kushoto na kulia, hilo siwezi kujizuia, ni macho ya mwenye nyumba ya wageni. Kisha nitaingia.

Kuhusu huo mtambo wenu unaotikisa sakafu, usiwe na wasiwasi. Mtetemo ambao jioni mtu ananyoosha mkono, anauzima, anafunga mlango na kwenda kwao, huo mimi nitaulalia kama mtoto.

Shangazi yako